Likizo ya Lusaka (7): Mama Asiyelitaja Jina la Mwanawe

Mlango wa lifti ulijifunga. Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita, msomaji, na najua wako waliolala vibaya.

Ndani ya lifti yumo Ezron mdogo, mtoto asiyetimiza hata miaka mitatu, kavaa suti ya vipande vitatu na tai nyekundu. Yumo peke yake. Nje ya lifti wako watu wazima wawili wa familia yake, na wote wawili wameupa mlango mgongo.

Kwa aliyelikosa gazeti la juma lililopita nitaeleza haraka, maana mtoto anapanda.

Osea anauza vipuri vya malori Tunduma. Jirani yake alikwenda Dubai na familia, akarudi na picha. Tangu siku hiyo Osea hakuwa na amani. Kuvuka mpaka kwenda Nakonde hakukumsaidia, kwa sababu mtu wa Tunduma akienda Nakonde amekwenda kununua sukari, hajasafiri. Basi akasimama kanisani, akatangaza kwamba familia yake inakwenda likizo Lusaka, akaomba waombewe. Kanisa likaomba. Kwaya ikaimba wimbo wa kumuaga mmisionari.

Mkewe ni Atuganile. Baba yake Osea ni Mzee Ezron wa Itumba, kule Ileje, mzee wa kanisa, aliyesema kwamba mjukuu mwenye jina lake hawezi kupelekwa nchi ya watu bila yeye kuwapo. Hapo ndipo tatizo lilipopanda basi pamoja nao.

Siku hizi nyumba nyingi za Ileje zimelegeza mila ya mkamwana na baba mkwe. Nyumba ya Mzee Ezron haijalegeza hata uzi mmoja. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala baba mkwe hamtazami yeye. Hawasemeshani ana kwa ana. Hawakai chumba kimoja. Na mkamwana halitamki jina la baba mkwe, hata akiwa mbali, hata akiwa usingizini. Mwanamke mmoja wa Itumba alilitamka kwa bahati mbaya alipokuwa akiita kuku. Alirudishwa kwao na godoro lake.

Nyumbani kwa Osea, ambako Mzee hukaa siku nyingi, kuna milango miwili na maisha yanakwenda. Lifti ya jengo la maduka la Lusaka ina mlango mmoja.

Ulipofunguka, Mzee alikuwa ndani, anatoka. Atuganile alikuwa nje, anaingia, kamshika mtoto mkono. Kwa heshima, Atuganile akajifunika kitenge usoni, akageuka, akachuchumaa. Kwa kuchuchumaa akauachia mkono wa mtoto. Kwa heshima, Mzee naye akatoka kinyumenyume, akaenda kuutazama ukuta.

Heshima ilikamilika pande zote mbili. Mtoto akaingia kwenye lifti.

Sasa tuendelee.

"Baba?" Atuganile aliita kutoka ndani ya kitenge.

Usishangae. Mtoto ana jina la babu yake, na jina la babu halitamkwi. Kwa hiyo mama huyu hajawahi kumwita mwanawe kwa jina tangu amzae. Anamwita Baba.

"Baba! Baba, uko wapi?"

Wanaume wote waliokuwa wakipita waligeuka. Mmoja aliyebeba feni alisimama kabisa. "Unaniita mimi, mama?"

Atuganile alifungua kitenge, akaona sakafu inayong'aa, akaona viatu vya watu, hakuona mtoto. Juu ya mlango wa lifti taa ndogo zilikuwa zinahama kutoka namba hadi namba.

Alitaka kupiga kelele amwambie Mzee. Lakini angemwambiaje? Kwa kawaida mtoto ndiye aliyekuwa njia yao. Nyumbani Atuganile husema, "Baba, mwambie babu chakula kiko tayari." Mtoto husimama katikati akinyonya kidole. Anajua maneno mawili tu, "uji" na "toka". Lakini akishasimama hapo, ujumbe unahesabiwa umefika.

Leo njia yenyewe imepanda lifti.

Atuganile aliangaza macho, akaona sanamu la plastiki lililovishwa gauni mbele ya duka la nguo. Akalishika mkono.

"Wewe sanamu," alisema, "mwambie babu mtoto ameingia humo ndani, mlango umejifunga."

Mzee Ezron alibaki ameutazama ukuta. Akaupiga kiganja. "Wewe ukuta, mwambie mama nimesikia. Na umuulize, si alikuwa amemshika mkono?"

"Sanamu, mwambie babu nilikuwa nimemshika vizuri, mpaka alipotokea yeye bila kukohoa."

"Ukuta! Mwambie nilikohoa! Nilikohoa tangu huko juu!"

"Ndani ya lifti nani atakusikia?"

Atuganile aliuma ulimi. Alikuwa amesahau kuyapitisha maneno kwa sanamu.

Mlinzi mmoja alikuwa amesimama pembeni anawatazama. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye redio ya mkononi na kofia iliyomzidi. Anaitwa Violet. Zamani alikuwa akileta vitenge Tunduma, na Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini kinafika, ingawa kwake mama ni bamayo na baba ni batata.

"Bamayo," alimwambia Atuganile kwa upole, "hilo sanamu mnalisalia?"

Mzee wa kanisa aliruka pale ukutani kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Kusalia sanamu! Sisi? Mimi nimebatiza watu mtoni!"

"Na ukuta je, batata? Nimekuona unaongea nao."

"Mtoto amepotea!" Atuganile alilia. "Mtoto wangu ameingia kwenye lifti peke yake!"

Uso wa Violet ulibadilika mara moja. Akaweka redio mdomoni, akasema maneno ya Kibemba na Kiingereza yaliyochanganyika. Kisha akamgeukia Mzee.

"Batata, shuka chini kwa ngazi, ukae kwenye mlango mkubwa. Ukimwona, mkamate."

Mzee alishuka kwa ngazi za umeme zilizokuwa zinapanda. Alichelewa kidogo, lakini alishuka.

"Haya, bamayo. Mtoto wa kiume?"

"Wa kiume."

"Amevaa nini?"

"Suti. Na tai nyekundu. Na kizibao."

Violet alisita. "Ni bwana harusi?"

"Tuko likizo," Atuganile alisema.

Na ni kweli, suti ile ilikuwa ya likizo. Osea aliinunua kwa ajili ya picha. Tangu wafike, mtoto amesimamishwa ndani ya suti hiyo mbele ya kila ghorofa la Lusaka, analia, Osea anasema, "Cheka, cheka!" Walimpeleka kuona simba, akaangalia kuku wa mlinzi wa simba. Walimnunulia chipsi, akazitupa. Uji aliokuja nao mama yake kwenye chupa ya chai ulikwisha kabla basi halijafika Mpika, na tangu hapo mtoto anaitafuta nchi iliyobaki na uji.

"Sawa," alisema Violet. "Jina lake nani, nilitangaze kwenye spika?"

Atuganile alivitazama viatu vyake.

"Bamayo. Jina."

"Ni mtoto wa Osea."

"Baba yake ndiye Osea. Mtoto?"

"Ana tai nyekundu."

"Umeshasema tai. Nataka jina."

"Ana alama ya chanjo hapa begani. Anapenda uji."

Violet alishusha redio taratibu. Alimtazama Atuganile kwa jicho jingine, jicho la mtu ambaye kazi yake ni kutomwamini yeyote.

Kabla hajasema neno, redio ikakohoa. Mtoto amepatikana!

Atuganile alipiga magoti palepale, akamshukuru Mungu kwa sauti, na sanamu la plastiki likabaki limesimama mbele yake. Waliopita wakafikiri wanavyofikiri.

Angejua yaliyokuwa yanamsubiri, angebakiza nusu ya shukrani hizo.

Ofisi ya walinzi ilikuwa chini kabisa, ina mlango wa kioo. Ezron mdogo alikuwa ameketi juu ya meza, kizibao kipo, tai ipo, suruali haipo. Alikuwa anatazama runinga ndogo nyingi zinazoonyesha maduka. Karibu naye aliketi afisa wa polisi, mwanamke mnene aliyevaa sare safi, ambaye kazi yake ni mambo ya watoto. Alikuwa amekuja hapo kwa jambo jingine, na Mungu akaona asiondoke bure.

"Mwanangu!" Atuganile alikimbilia meza.

Afisa alinyoosha mkono, akamzuia. Alisema kwa Kiingereza, Violet akatafsiri.

"Anasema subiri kwanza. Anataka kumuuliza mtoto." Violet akainama. "We mtoto, huyu ni nani?"

Ezron mdogo aliondoa macho kwenye runinga kwa shida. Akamtazama mama yake aliyemzaa, aliyembeba, aliyemnyonyesha.

"Toka," alisema. Akarudi kwenye runinga.

Afisa alivuta kiti, akaketi vizuri zaidi.

"Anauliza, jina la mtoto ni nani."

"Nalijua," alisema Atuganile.

"Basi litaje."

"Siwezi."

"Umelisahau?"

"Nalijua kama ninavyojua la kwangu. Siruhusiwi kulitamka."

"Nani amekukataza?"

Hapo Atuganile alieleza. Alieleza Itumba, akaeleza baba mkwe, akaeleza kuku na godoro. Violet alitafsiri, na kadiri alivyotafsiri ndivyo nyusi za afisa zilivyopanda.

"Anasema andika," alisema Violet, na kumpa kalamu.

"Kuliandika ni kulitamka kwa mkono. Hata kadi ya kliniki aliandika baba yake."

"Vitambulisho vya safari viko wapi?"

"Kwa mume wangu."

"Mume wako yuko wapi?"

Atuganile hakujua. Simu yake ilikuwa na laini ya Tunduma, ile ambayo ukisimama kwenye kizingiti cha nyumba inashika mitandao ya nchi mbili, lakini Lusaka haishiki hata mmoja. Osea aliitwa kwenye spika. Aliitwa tena. Hakutokea.

Wao hawajui alipo, lakini ninyi nitawaambia. Osea yuko ghorofa ya juu, kwenye kiti cha umeme kinachomkanda mtu mgongo kwa kulipia. Alikaa ili apigwe picha. Kiti kikaanza kumkanda. Tangu aanze biashara ya vipuri hakuna kitu kilichowahi kumkanda. Amelala, mdomo wazi, na jina lake linapita juu ya kichwa chake kama ndege ya mtu mwingine.

"Mwiteni babu yake!" alisema Atuganile. "Yeye jina anaruhusiwa. Ni lake!"

Wakamleta Mzee Ezron. Alifika mlangoni, akaona kitenge cha mkamwana, akageuka hapohapo. Akasimama ameipa ofisi mgongo, kofia mkononi, anayatazama magari nje.

"Batata, jina la mtoto?"

"Ezron! Ni jina langu. Nilimpa mwenyewe, kwa maombi."

Afisa aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Atuganile akapumua. Jambo limekwisha!

Halikwisha.

"Na huyu mwanamke, batata, ni mama wa mtoto?"

"Mwanamke yupi?"

"Huyu hapa ndani."

"Sijamwona."

"Basi geuka umwone."

"Sigeuki."

"Lakini unamjua mkamwana wako?"

"Namjua sana. Ni mwanamke mwema, anapika vizuri, anasali."

"Sura yake ikoje?"

Nje gari lilipiga honi.

"Sura sijawahi kuiona," alisema Mzee.

Violet alisahau kutafsiri. Afisa akamgusa bega, Violet akatafsiri, na afisa akaweka kalamu chini.

"Tangu aolewe?"

"Tangu aolewe. Mimi si mtu wa kutazama-tazama. Lakini," Mzee aliinua kidole, bado ametazama nje, "miguu yake naijua. Natembea nimeinamisha kichwa, nafahamu miguu ya nyumbani kwangu. Kidole gumba cha kulia kiliwahi kupondwa na mchi. Nionyesheni miguu."

Wakatazama miguu ya Atuganile. Ilikuwa ndani ya viatu vyeupe vilivyofunika kila kitu, viatu vya likizo.

"Mwambieni avue," alisema Mzee.

Akavua. Mzee alirudi kinyumenyume, akainama sana, akachungulia katikati ya miguu yake mwenyewe kama mtoto anayecheza. Afisa wa polisi alisimama ili aone vizuri.

"Ndiyo hii!" alisema Mzee kwa furaha. "Nathibitisha. Hata mbele ya askofu nathibitisha."

Afisa aliongea kwa muda mrefu, bila hasira. Violet alitafsiri akiwa ameinamisha uso.

"Anasema yeye ni mama pia, na ana roho. Lakini hapa kuna mwanamume asiyejua sura ya mwanamke, na mwanamke asiyejua jina la mtoto. Wote mmetoka mpakani, hamna karatasi hata moja. Mtoto mwenyewe amesema toka. Anasema watoto wanaibwa, na wezi wao huja na hadithi nzuri kuliko hii yenu. Hawezi kumkabidhi mtoto kwa ushahidi wa kidole gumba. Anamchukua kituoni hadi baba aonekane."

"Bamayo," aliongeza Violet kwa sauti ndogo, hayo yakiwa ya kwake mwenyewe, "ni neno moja tu. Liseme."

"Wewe hujui," Atuganile alinong'ona. "Nikilisema naye akiwa anasikia, sina ndoa."

"Na usipolisema?"

Alifumba macho, akaomba. Aliomba kama tunavyoomba wengi wetu, akimwonyesha Mungu njia ya kupita. Bwana, mlete Osea. Bwana, mbadilishe moyo huyu afisa. Bwana, nitoe hapa kwa mlango wowote ule, isipokuwa ule mmoja.

Alipofumbua macho, afisa alikuwa amembeba mtoto, anatoka.

Kioo kilifunguka. Runinga zikabaki ndani, na hapo ndipo Ezron mdogo alipoelewa. Alinyoosha mikono yote miwili juu ya bega la afisa, akalia kilio ambacho Atuganile alikijua tangu usiku wa kwanza wa maisha ya mtoto.

Alikimbia nyuma yao bila viatu. Uwanja wa magari ulikuwa umejaa watu, mabegi, vigari vya kusukumia mizigo, madereva wanaogombea abiria.

"Baba! Baba!"

Dereva wa teksi akageuka. "Naam, mama, twende wapi?"

"Baba, nipo! Baba!"

Mchungaji mmoja mwenye Biblia kwapani akasimama. Wanaume watatu waliokuwa wanapakia jokofu wakaliweka chini. Uwanja mzima ulikuwa umejaa baba, na aliyekuwa akiitwa hakusikia, kwa sababu alikuwa analia na kila mtu alikuwa anaitika.

Mzee Ezron naye alikuwa ametoka. Alitaka kukimbia, lakini mkamwana alikuwa mbele yake, na mtu hakimbizi mkamwana hadharani. Akajishikiza kwenye nguzo ya taa, akaikumbatia, uso wake kwenye chuma. "Nguzo," alikuwa akisema, machozi yakimtoka, "nguzo, mwambie asimwache aende. Nguzo, mwambie."

Mlango wa gari la polisi ulifunguliwa.

Kiguu kimoja cha mtoto kiliingia. Bado kilikuwa na soksi.

Atuganile alisimama katikati ya uwanja. Kitenge kilikuwa kimemdondoka kichwani, wala hakujua kilidondokea wapi. Akajaza kifua hewa.

"EZRON!"

Msomaji, lile jina lilikuwa limekaa ndani yake tangu aolewe. Lilitoka lote kwa pamoja. Njiwa waliruka kutoka juu ya paa. Madereva walinyamaza. Afisa aligeuka, mtoto mkononi. Mtoto alikata kilio katikati, mdomo wazi, kwa sababu hakuwahi kuisikia sauti hiyo ikisema neno hilo.

Na pale kwenye nguzo ya taa, mzee aliyeitwa hivyo kabla ya wote alifanya kile ambacho mtu hufanya akiitwa.

"Naam!" aliitika. Akageuka.

Wakawa uso kwa uso.

Hapakuwa na mlango, wala ukuta, wala kitenge. Hatua chache tu, mchana kweupe, uwanja mzima ukitazama. Atuganile aliona mzee mwenye mashavu yaliyobonyea na machozi kwenye ndevu. Mzee aliona kile alichokikwepa miaka yote. Hakuna aliyekumbuka kuinamisha kichwa.

Afisa alirudi taratibu. Aliuliza, na Violet akatafsiri.

"Anasema, sasa mama ametaja jina. Na wewe batata umemwona. Anauliza kwa mara ya mwisho. Huyu ndiye mama wa mtoto?"

Mzee Ezron alielewa swali lile kuliko Violet. Akisema sijui, mjukuu anaingia garini. Akisema ndiye, amekiri mbele ya watu kwamba amemtazama mkamwana wake usoni mpaka akamtambua, na kule Itumba wako wazee wenzake wanaosubiri kusikia habari za likizo. Na hajawahi kusema uongo tangu abatizwe. Hakujua pa kuanzia.

Alimtazama. Alimtazama sana, kama mtu anayesoma bila miwani.

"Ndiye," alisema.

"Una hakika? Umesema hujawahi kumwona."

"Mtoto ana macho yake." Mzee alimwonyesha mtoto kwa kofia. "Macho haya nayatazama kila siku kwa mjukuu wangu. Najisifu nayo kwa watu. Nilidhani ni yangu."

Afisa alimtazama mtoto, akamtazama mama, akamtazama tena mtoto. Hata dereva wa teksi aliyekuwa amesogea alisema, "Kweli, ni macho yaleyale." Afisa akampa Atuganile mtoto. Kisha akasema neno kali kuhusu kushika watoto mikono, ambalo Violet hakulitafsiri, na halikuhitaji.

Atuganile alimkumbatia mwanawe, akapiga magoti naye juu ya lami.

"Nisamehe, baba," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza la makusudi kwa mzee yule bila kupitia kwa mtu.

Mzee alisogea. Vivuli vyao vikagusana, jambo ambalo nalo lina katazo lake, lakini siku ilikuwa imeshaharibika. "Umesemaje?"

"Nimesema nisamehe. Nirudishe kwetu ukitaka. Nilikuwa sina njia."

"Si hilo. Kabla ya hilo. Uliponiita."

Atuganile aliinua uso, hofu imemjaa. "Nilimwita mtoto, baba."

"Niliyeitika ni mimi. Litaje tena."

"Ili ukawaambie ukoo kwamba nimerudia?"

"Ukoo nitawaambia. Siwezi kuwaficha, nao wataamua wanavyoamua, na sijui kama nitaweza kukutetea." Mzee alifuta ndevu kwa kofia. "Lakini ukoo uko Itumba. Mama yangu alipofariki, aliondoka na hilo jina. Mke wangu ananiita Baba Osea. Kanisani ni Mzee. Wakwe wananiita kwa kukohoa. Hakuna mwanamke aliyewahi kuniita tena. Nilidhani limekwisha. Litaje, mama, nilisikie vizuri, safari hii si kwa kelele."

Hapo ndipo Osea alipotokea, anakimbia katikati ya magari, mkoba wa vitambulisho kifuani, alama za kiti zimechoreka shavuni. Alimwona mkewe yuko kichwa wazi. Alimwona baba yake. Aliona wanatazamana.

Simu ilimponyoka.

"Mungu wangu! Baba, geuka! Mama Ezron, funika uso! Mmefanya nini? Mnajua kesho itakuwaje kule nyumbani? Mke wangu anarudishwa kwao! Baba, sema kwamba hukuona kitu, nakuomba, sema hukuona!"

Mzee Ezron hakuyaondoa macho yake pale yalipokuwa.

"Nyamaza, Osea, kuna mtu anataka kusema," aliamuru. "Haya, mama. Nakusikiliza."